Mwongozo kamili: Kujenga banda la kobe wa majini lenye bwawa lisilonuka

Picha ninazotumiwa zinafanana. Bwawa zuri la saruji, mawe yamepangwa vizuri pembeni, kobe yuko katikati. Ujumbe wake nao haubadiliki: "Maji yamekuwa kijani na yananuka, nifanyeje?" Nikiuliza bomba la kutolea maji liko upande gani, jibu ni kwamba halipo. Wanachota kwa ndoo, na baada ya miezi miwili wamechoka.

Kobe wa majini si kama samaki wa kwenye tangi. Anakula nyama, anararua chakula, anajisaidia humohumo. Bwawa lisilo na njia ya kutolea maji litakushinda hata uwe na pampu ya bei gani. Kwa hiyo tutaanza kujenga kutoka kwenye bomba la chini kabisa, halafu ndiyo tupande juu. Mambo ya urembo yatakuja mwisho.

## Kabla hujanunua mfuko wa saruji

Kobe ninayemzungumzia ni yule wa kahawia anayepatikana kwenye mabwawa na madimbwi ya mvua, anayekunja shingo kwa ubavu badala ya kuirudisha ndani moja kwa moja. Ni wa jenasi ya *Pelomedusa*. Wataalamu walipowapanga upya mwaka 2014, aina moja ya kutoka Tanzania waliiita *Pelomedusa kobe*, kwa neno letu hilihili.

Huyu ni mnyamapori. Tanzania analindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, Kenya na sheria yao ya 2013. Usiokote kobe bwawani ukamleta nyumbani, na usimnunue kwa mtu wa njiani. Nenda kwanza ofisi ya wanyamapori ya wilaya au TAWA (mamlaka ya wanyamapori Tanzania), na kwa Kenya nenda KWS (shirika la wanyamapori la huko), uulize kibali. Mwongozo huu ni kwa mwenye kibali mkononi: shule, bustani, kituo, au mtu aliyekabidhiwa mnyama kwa utaratibu. Nawaomba sana tusilifanyie mzaha jambo hili.

## Vipimo nitakavyotumia

Banda la mita 3 kwa 2.5, linalotosha kobe wawili wakubwa, wenye gamba la sentimita 20 hivi. Ndani yake kuna bwawa la urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 100. Sentimita 80 za mwanzo ni kina kamili cha maji, yaani sentimita 40. Sentimita 100 zinazobaki ni mteremko unaopanda taratibu hadi nchi kavu.

Bwawa hilo linabeba lita 520 hivi, sawa na ndoo 26 za lita 20. Ziweke akilini hizo ndoo 26. Ndizo utakazokuwa unabeba kama utaruka hatua ya 2.

## Vifaa

- Saruji mifuko 8 ya kilo 50
- Mchanga safi na kokoto ndogo. Vyote visiwe vya pwani, chumvi inakula wavu wa chuma
- Tofali za inchi 6, kama 80 pamoja na za kuvunjika
- Wavu wa chuma wa kutosha bwawa zima, na wavu wa matundu ya nusu inchi kwa ajili ya kifuniko
- Bomba la PVC la inchi 2, mita 4 hadi 6, kona zake, gundi yake na koki moja ya inchi 2
- Dawa ya kuzuia maji ya kuchanganya na saruji
- Mbao za mbili kwa mbili zilizotiwa dawa ya mchwa, bawaba na kufuli
- Pampu ndogo ya kuzamisha majini, pipa la plastiki la lita 60 lenye mfuniko, sponji na bomba laini
- Chepe, sululu, karai, mwiko, pima maji, kamba, ufagio mgumu na msasa

Kama fundi wako atasema dawa ya kuzuia maji inatosha na wavu hauna kazi, tafuta fundi mwingine. Dawa inaziba vitundu vidogo, wavu unazuia ufa. Ni kazi mbili.

## Hatua ya 1: Chagua mahali

Simama uani saa mbili asubuhi, kisha saa nane mchana. Unatafuta mahali penye jua la asubuhi kwa muda usiopungua saa tatu, na kivuli kinachofunika nusu ya bwawa mchana. Kobe anahitaji jua la moja kwa moja ili mwili wake utumie kalsiamu iliyomo kwenye chakula. Akikosa, gamba linalainika. Jua linalopita kwenye kioo halimsaidii. Ila bwawa lote likiwa juani mchana kutwa, maji yanapata moto na ukijani unaota haraka.

Walioko nyanda za juu, kama Njombe, Arusha au Nairobi, waegemee upande wa jua zaidi, maana Juni hadi Agosti maji yanakuwa baridi sana. Wa pwani waegemee kivuli.

Kisha angalia ardhi inashukia wapi. Bomba la kutolea maji lazima lielekee chini. Kama uwanja ni tambarare kabisa, chimba shimo la mita moja nje ya banda, ulijaze mawe, maji yaishie humo. Mimi maji yangu nayapeleka kwenye migomba, na migomba inashukuru. Usiyapeleke kwenye mchicha wala mboga yoyote ya majani. Kobe hubeba bakteria wa salmonela.

Usijenge chini ya mwembe au mwarobaini. Majani yatakumaliza.

## Hatua ya 2: Chimba na ulaze bomba

Chimba shimo kubwa kuliko bwawa kwa sentimita 10 kila upande na chini, hiyo ni nafasi ya zege. Upande wa kina uwe na sakafu inayoinama kidogo kuelekea pointi moja; hapo ndipo bomba la inchi 2 litakapofungua mdomo. Uchafu wa kobe ni mzito, unakaa chini. Mdomo wa bomba ukiwa juu ya sakafu hata kwa vidole viwili, uchafu unabaki na wewe unatoa maji masafi.

Hapa ndipo mabwawa mengi yanapovujia, kwa hiyo twende polepole. PVC ni laini na saruji haishikani nayo. Chukua kipande cha bomba kitakachopita ndani ya zege, kikwaruze kwa msasa hadi mng'ao wake upotee, kipake gundi ya PVC, na kabla haijakauka kinyunyizie mchanga mkavu pande zote. Kikikauka, kitakuwa na ngozi ya mchanga kama mandazi yaliyoviringishwa kwenye sukari. Saruji itaing'ang'ania ngozi hiyo.

Laza bomba likishuka hadi nje ya mahali ukuta utakapopita, funga koki huko nje. Koki isiwe ndani ya banda. Utakuwa unaifungua kila wiki na hutaki kuingia kila mara.

Weka pia bomba la pili, la kumwaga ziada, kwenye kimo cha juu cha maji. Masika bwawa likifurika, kobe anaelea na kukaribia ukingo. Kila mdomo wa bomba uufunike kwa wavu.

Jaribio: mwaga ndoo moja kwenye mdomo wa bomba la chini kabla ya zege. Maji yakitoka nje yote bila kusimama, endelea. Yakisita, rekebisha sasa, kwa sababu kesho haiwezekani.

## Hatua ya 3: Zege la bwawa

Shindilia udongo. Tandaza wavu wa chuma chini na kwenye kuta za shimo, uinue kwa vijiwe ili ukae katikati ya zege, usilale ardhini. Changanya saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, pamoja na dawa ya kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mchanganyiko uwe mzito, ushikane ukiufinya mkononi. Ukiwa wa majimaji utateleza kwenye kuta za shimo na zege likikauka litakuwa dhaifu.

Maliza zege lote siku moja. Ukifanya sakafu leo na kuta kesho, panapokutana patavuja. Anza asubuhi mapema na uwe na watu wawili wa kukusaidia.

Kesho yake piga lipu ya saruji 1 na mchanga 3. Kwenye kina, malizia kwa niru, yaani saruji tupu iliyosuguliwa hadi ilainike, ili ukijani usipate pa kushika na usafi uwe rahisi. Lakini usipige niru kwenye mteremko. Bwawa langu la kwanza lilikuwa na niru kote, linang'aa kama sakafu ya sebuleni. Usiku wa tatu nikasikia mkwaruzo: kobe alikuwa anapanda hatua mbili, kucha zinateleza, anarudi majini, anapanda tena. Nilimulika tochi nikamkuta kichwa kiko juu ya maji kwa shida, miguu ya mbele imechoka kabisa. Kobe wa majini anazama kama mnyama mwingine yeyote akikosa pa kupumzika. Tangu hapo, lipu ya mteremko ikiwa bado mbichi, naipitishia ufagio mgumu kwa kukata upana, mistari ya karibukaribu.

Funika kwa magunia na umwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7. Zege linalokaushwa na jua linapasuka. Haraka ya siku hizi saba ndiyo inayowaponza wengi.

## Hatua ya 4: Ukuta usiopandika

Kobe huyu ni msafiri. Mvua ikinyesha anataka kuondoka, na porini husafiri nchi kavu kutoka dimbwi moja hadi jingine. Pia anachimba.

Chimba msingi, mimina jamvi la zege la sentimita 10, kisha jenga mistari mitatu ya tofali: mmoja chini ya ardhi, miwili juu. Utapata kimo cha sentimita 45. Usitumie wavu peke yake kama ukuta. Akiona upande wa pili atasukuma pua na kukwaruza siku nzima hadi ajeruhi uso.

Juu ya ukuta weka kofia. Mimina chini vipande bapa vya zege vyenye wavu ndani: urefu sentimita 60, upana 27, unene 5. Vikishakomaa, vilaze juu ya ukuta kwa udongo wa saruji, vikitokeza sentimita 10 kwa ndani. Kwenye pembe hakikisha hakuna pengo. Pembe ndipo wanapotorokea, maana anaweka mguu ukuta huu na mguu ukuta ule na kujisukuma juu. Mimi nilipoteza mmoja hivyo baada ya mvua ya usiku. Majirani wakamkuta kwenye mtaro asubuhi, mzima, ila ningeweza kumkosa.

## Hatua ya 5: Kifuniko na kufuli

Hatua fupi, lakini usiiruke.

Tengeneza fremu mbili za mbao, zifunike kwa wavu wa nusu inchi, zifunge kwa bawaba na kufuli. Kunguru, nguchiro na kenge watakuja kwa ajili ya kobe wadogo na mayai. Na kubwa kuliko yote, mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita 40 kwa dakika chache, bila kelele. Funguo iwe juu, mbali na mikono ya watoto. Kama kufuli haijafungwa, bwawa lisiwe na maji.

## Hatua ya 6: Jaribu uvujaji, kisha toa chokaa

Jaza bwawa. Chukua ndoo, itie maji, iweke kwenye mteremko ikiwa imezama nusu. Weka alama ya kimo cha maji ndani ya ndoo na kwenye ukuta wa bwawa. Baada ya saa 24 linganisha. Vyote vikishuka sawa, ni jua limekunywa. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, linavuja, na mara nyingi ni kuzunguka bomba.

Saruji mpya inatoa chokaa ndani ya maji. Maji hayo yanawasha macho na ngozi ya kobe, na unaweza kuyahisi ukiyasugua kwa vidole, yanateleza kama ya sabuni. Acha maji siku 4, fungua koki, sugua kuta kwa siki iliyochanganywa na maji, suuza, jaza tena. Fanya hivyo mara tatu. Karatasi za kupimia asidi zikupe namba kati ya 6.5 na 8. Ikizidi 8, rudia mara ya nne.

Hesabu: siku 7 za kumwagilia, siku 12 au zaidi za kutoa chokaa. Ni karibu wiki tatu kabla kobe hajaingia. Hakuna njia ya mkato ninayoijua iliyo salama.

## Hatua ya 7: Chujio la pipa

Pampu ichague inayosukuma lita 1,000 kwa saa, maana maji yote yanatakiwa yazunguke karibu mara mbili kila saa. Angalia vizuri: namba kubwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Soma jedwali la kimo, utafute inatoa lita ngapi ikipandisha mita 1. Pampu ya "lita 1,000" mara nyingi haifiki hapo.

Pipa la lita 60 liweke juu kidogo ya bwawa. Maji yaingie chini ya pipa, yapande kupitia sponji nene, kisha kokoto zilizooshwa, yatokee juu na kumwagikia bwawani kupitia mawe bapa. Hayo ndiyo maporomoko yako, na si pambo tu: maji yanayoanguka yanavuta hewa.

Ndani ya kokoto watakaa bakteria wanaogeuza amonia ya mkojo wa kobe kuwa kitu kisicho na madhara makubwa kama yake. Wanahitaji wiki 4 hadi 6 kuzaliana, kwa hiyo mwezi wa kwanza maji yatakuwa mabaya kidogo na utabadilisha mara kwa mara. Usikate tamaa hapo. Ukiosha sponji, ioshe kwa maji ya bwawa kwenye beseni. Maji ya bomba yenye klorini yatawaua wote na utaanza upya.

Umeme: pampu ya volti 12 yenye adapta iliyowekwa mbali na maji ni salama zaidi. Kama ni ya volti 230, lazima laini yake iwe na swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja, ifungwe na fundi umeme. Kabla ya kutia mkono majini, chomoa.

Umeme ukikatika siku nzima, bakteria wanakosa hewa na kuanza kufa. Ndiyo maana sitegemei pampu. Bomba la chini linafanya kazi hata gizani.

## Hatua ya 8: Nchi kavu

Jaza mchanga uliochanganywa na udongo, kina cha sentimita 30 angalau upande mmoja, upaweke unyevunyevu. Jike atachimba hapo kutaga. Weka gogo au jiwe bapa la kuota jua, na kigae au kibanda kidogo cha kujificha.

Ukitaka mimea, panda nje ya ukuta. Magugu maji usiyaguse hata kama yanaelea vizuri. Tumeona yalivyolifanya Ziwa Victoria.

## Mbu

Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu wake anazaa kwenye maji ya nyumbani yaliyotulia. Bwawa lenye maji yanayotembea na kobe wanaokula viluwiluwi si tatizo kubwa. Tatizo ni vikopo, sahani za maua, na pipa la chujio lisilo na mfuniko. Pitia kila wiki, mwaga kila kitu kilichoshika maji.

## Kazi ya kila wiki

Lisha nje ya bwawa. Mweke kobe kwenye beseni lenye maji kidogo, mpe dagaa wasio na chumvi wakiwa wazima na mifupa yao, minyoo au konokono, umwache nusu saa, kisha umrudishe. Mabaki unamwaga. Mazoea haya peke yake yanapunguza uchafu kuliko chujio lolote utakalonunua.

Mara moja kwa wiki fungua koki hadi theluthi moja ya maji itoke, kama ndoo 9. Maji ya kwanza yatakuwa meusi. Hiyo ni dalili kwamba mteremko wa sakafu yako uko sawa. Jaza kwa maji yaliyokaa wazi saa 24 ili klorini iondoke.

Nawa mikono kwa sabuni kila mara, na watoto chini ya miaka 5 wasiwashike kobe kabisa.

Kobe mgeni atajificha siku chache na huenda asile. Mwache. Asubuhi moja utamkuta juu ya gogo, miguu ya nyuma imenyooshwa, shingo nje, macho nusu yamefumba, na ukikanyaga kokoto atajitupa majini kwa kishindo na kuibuka upande wa kina akikutazama. Maji yakiwa safi kiasi cha kuuona wavu wa mdomo wa bomba pale chini, banda lako linafanya kazi.